Airisi za Bi Mdogo

Siku Naima alipopata kitanda cha hospitali, alimpigia simu mke mwenzake, Tabu, akamwomba akamkalie nyumba yake ya Pugu. Hakutaja vyombo wala kuku. Alitaja maua.

"Da Tabu, mie wananichoma mionzi, wamesema wiki sita, labda na zaidi. Wifi yangu Farida ndiye nitakayekuwa naye huku. Nyumba si neno, ina kufuli. Ishu ni airisi zangu. Vuli ndiyo hiyo inakuja, na vuli ndio wakati wake."

Tabu alikuwa kibarazani kwake Mtoni, anachambua mchicha. Aliweka ungo chini.

"Airisi ndiyo nini?"

"Ukifika utaziona. Chini ya dirisha la chumbani. Ufunguo anao jirani yangu, Flaviana. Nenda, dada yangu. Sina mwingine wa kumwambia."

Tabu alikubali kabla hajajua kwa nini anakubali. Pugu hakuwahi kukanyaga. Kwa miaka tisa mume wao, Mbwana, alikuwa akienda huko na kurudi, siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa yule, na Tabu alikuwa amejiapia kwamba mguu wake hautaiona nyumba ya bi mdogo hadi anaingia kaburini. Hakuwa mwanamke wa matusi. Hakumwendea mwenzake kwa mganga wala kumpigia mafumbo kwenye ngoma. Alichofanya ni kumfuta tu. Mtu akitaja jina la Naima mbele yake, Tabu alikuwa akiuliza habari za bei ya unga.

Halafu Mbwana akaanguka kazini. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja kubwa mjini, na presha ilimkuta ameshika mpira wa maji. Wazee wa ukoo wakaamua wajane wote wawili wakalie eda Mtoni, nyumba kubwa, ili watu wasihangaike na misiba miwili. Wakawekwa chumba kimoja, magodoro mawili, miezi minne na siku kumi. Mwezi wa kwanza walizungumza kwa kumtuma mkwe wa Tabu: mwambie mwenzangu anipe kanga ile, mwambie chai imepoa. Mwezi wa pili waliambizana wenyewe. Mwezi wa tatu magoti ya Tabu yakamvimba, na Naima, bila kuulizwa, akachukua mafuta ya nazi akayakanda kila jioni mpaka uvimbe ukaisha. Eda ilipokwisha, kila mmoja akashika njia yake, lakini simu zikabaki. Walizungumza habari za afya na za watoto wa Tabu, maana Naima hakujaaliwa kuzaa. Mbwana hawakumzungumzia. Alikuwa kama shimo katikati ya uwanja, kila mtu analijua lilipo na kila mtu analizunguka.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Sasa Naima ana saratani ya kizazi, na Tabu, mwenye miaka sitini na moja, anashuka Pugu na mfuko wa nguo za wiki moja.

Flaviana alimpokea vizuri. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Songea, mpole, mwenye sauti ya chini na rozari shingoni. Alimfungulia nyumba, vyumba viwili na ukumbi mdogo, akamwonyesha tangi la maji na mahali pa kuanika, kisha akamzungusha nyuma.

"Ndiyo hayo, Mama Twaha."

Tabu aliinama kuangalia. Alitegemea maua. Palikuwa na majani tu, marefu, membamba, magumu, yamesimama kama visu vilivyochomekwa ardhini kwa mipini, safu nzima kutoka pembe ya nyumba hadi pembe nyingine. Katikati ya majani yalichomoza mabua yaliyopinda, mengine kijani kilichochoka, mengine rangi ya udongo, yana makovu kila pingili. Kama si kuambiwa, angesema ni majani ya kulisha mbuzi.

Jioni ile ile Naima alipiga simu kutoka wodini, sauti yake imekwaruza, akampa masharti. Maji mara mbili kwa wiki kama mvua haijanyesha, asubuhi, na yamwagwe shinani, yasimwagwe juu ya majani. Majani yaliyokauka ayavute kwa mkono. Asifukie udongo juu ya mizizi. Ile mizizi minene kama tangawizi inapenda kuona mwanga kidogo, ukiizika sana inaoza.

"Na yale mabua, Da Tabu, usiyaguse."

"Yamekauka lakini."

"Yanaonekana hivyo. Ua linatoka palepale lilipotoka mwaka jana, bua lile lile, miaka na miaka. Ukilikata, basi tena, mpaka lichipue jingine, na jingine halina haraka. Halafu uamke mapema. Likifunguka asubuhi, jioni limekwisha. Siku moja tu maisha yake."

"Ua la siku moja unalitunza mwaka mzima?"

Naima alicheka, kicheko kikaishia kwenye kukohoa. "Ndiyo upuuzi wangu huo."

Wiki moja ikawa tatu. Tabu alishangaa mwenyewe. Mtoni nyumba yake ilikuwa imebanana na nyumba nyingine hadi ukikohoa jirani anakupa pole. Hapa alisikia ndege. Asubuhi alikuwa akitoka na kigoda chake cha kukalia, anavuta majani makavu moja moja, anapalilia kwa ncha ya kisu, anachungulia pingili za mabua. Mvua za kwanza zikanyesha. Siku ya nne baada ya mvua akaona kwenye bua moja kitu kimevimba, kijani, kidogo kama punje ya mchele. Kesho yake vilikuwa vitano. Baada ya wiki hakuweza kuvihesabu. Alipiga picha kwa simu yake ya kupangusa, akaituma kwenye simu ya Farida. Naima akapiga dakika hiyo hiyo.

"Vitumba! Da Tabu, umeviona? Vimejaa hivyo? Wallahi hata mie sijawahi kuvipata vingi hivyo. Una mkono, wewe. Nikirudi vitakuwa vimefunguka."

Tabu alikata simu akiwa anatabasamu peke yake. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amsifie kitu.

Asubuhi iliyofuata Flaviana alikuja na sahani ya mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Wakakaa wawili nyuma ya nyumba. Flaviana akaangalia vile vitumba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee Mbwana angekuwepo, saa hizi angekuwa keshafika. Msimu wa maua alikuwa hakosi hata siku."

"Siku za zamu yake ya huku," Tabu alisema.

"Hata zile zisizokuwa." Flaviana alikuwa anamenya muhogo, hakuona uso wa mwenzake. "Alikuwa anapita alfajiri kabla ya kwenda kazini. Anasema ua lisije likafa hajaliona. Wanakaa hapa hapa, yeye na Naima, wanakunywa chai, wanahesabu. Leo kumi na moja, leo ishirini. Tulikuwa tunawacheka, watu wazima wale. Halafu ndiyo anakimbilia mjini."

Tabu alishika kikombe kwa mikono miwili. Alfajiri. Kwa miaka tisa, kila mvua zilipoanza, Mbwana alikuwa akitoka kitandani mwake kabla ya jua, siku ambazo zilikuwa zake, Tabu, kwa haki na kwa sheria, anasema hotelini wamempa shifti ya mapema. Na yeye alikuwa akiamka kabla yake, anampashia maji ya kuoga, anamkaangia chapati, anamfungia kwenye gazeti ale njiani, anamwonea huruma kwa kazi zile za kitumwa.

"Maua yenyewe yana historia," Flaviana aliendelea. "Alisema aliyatoa kazini walipopunguza bustani, akayapeleka kwanza kwa mke wake. Mke akayatupa mtaroni. Akashuka mtaroni akayaokota, akaja kuyapanda hapa kiwanjani, hata Naima hajamwoa bado." Hapo ndipo ulimi ulipomkwama. Aliinua macho, akamwona Tabu, akaelewa ni mke gani. "Mama Twaha, nisamehe. Mie domo langu…"

"Hujakosea," Tabu alisema. "Ni kweli nilitupa."

Alikumbuka vizuri. Kama miaka kumi na minne iliyopita. Mbwana aliingia na mfuko wa rambo unaovuja matope, anacheka kama mtoto, anasema hebu ona nilichokuletea. Siku hiyo binti yao alikuwa na homa, maji yalikuwa hayatoki tangu juzi, na unga ulikuwa umekwisha. Tabu alifungua mfuko akaona mizizi. Alisema, "Tutakula mizizi?" Akautupa mtaroni mbele ya macho yake. Mbwana alitoka nje, na jambo likaisha. Tabu alidhani liliisha. Hakuwahi kuletewa ua lingine, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Flaviana alipoondoka, Tabu alibaki amekaa mpaka jua likampata. Kisha aliingia ndani, akatoka na panga.

Hakukata kwa pupa. Alianza pembe moja ya nyumba akaenda hadi pembe nyingine, anashika bua kwa mkono wa kushoto, analikata shinani, analilaza chini, anashika jingine. Vitumba vilidondoka vingine. Alikuwa anazungumza, lakini kama angeulizwa alikuwa anamwambia nani, Mbwana, Naima, au yule mwanamke wa miaka ile aliyesimama mlangoni na mfuko wa matope, asingejua. Alipomaliza alikusanya mabua yote akayatupa shimo la taka. Bustani ilibaki safi, majani yamesimama sawasawa.

Siku tatu baadaye Farida alipiga simu. Hakuzunguka. Madaktari walikuwa wamewaita yeye na mumewe Faraji, kaka yake Naima, wakawaambia mionzi haijasaidia, mgonjwa arudi nyumbani akae na watu wake.

"Anafurahi, Mama Twaha," Farida alisema, analia. "Hajui wametuambia nini. Anasema anawahi maua yake."

Tabu aliitupa simu kitandani akakimbia hadi shimo la taka. Akashuka. Mwanamke wa miaka sitini na moja, na magoti yale, alipiga magoti kwenye maganda ya mihogo na mifuko ya nailoni, anachambua mabua, anatafuta yenye vitumba. Alipata kama thelathini. Aliyaosha, akayatia kwenye ndoo ya maji, akaiweka kivulini. Asubuhi vitumba vilikuwa vimelegea. Siku ya pili ncha zikawa nyeusi na maji yakaanza kunuka. Akayarudisha shimoni, safari hii akayafunika na majivu.

Naima aliletwa kwa gari, amebebwa na kaka yake kama mzigo wa nguo. Alikuwa amebaki macho tu. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, na Tabu ndiye aliyekisogeza, yeye na Faraji. Naima alijiinua kwa kiwiko, akaangalia nje.

"Hazijafunguka."

"Bado," Tabu alisema.

"Mwaka huu zimechelewa."

"Zimechelewa."

Kutoka kitandani alikuwa anaona ncha za majani tu, haoni shina. Basi kila asubuhi, kabla hata ya kuulizia dawa, alikuwa anasema, "Leo je?" na Tabu anamjibu, "Bado, mwenzangu." Akamlisha uji, akambadilisha nguo, akamgeuza ubavu ili asipate vidonda. Kila alipomgusa alihisi mikono yake inanuka lile shimo. Asubuhi ya tano Naima aliuliza, na Tabu hakuweza tena.

"Hazitafunguka, Naima. Nilizikata."

"Ulikata nini?"

"Mabua. Yote. Flaviana aliniambia Mbwana alikuwa anakuja alfajiri, siku za zamu yangu. Nikachukua panga."

Naima alimwangalia. Hakupiga kelele, nguvu za kelele hazikuwepo. Aligeuza uso ukutani, taratibu, kwa tabu, bila kusaidiwa. Na hapo ndipo alipokaa siku mbili nzima. Tabu akileta uji, anafumba mdomo. Farida akileta uji ule ule, anakunywa. Farida hakuelewa kinachoendelea, na hakuna aliyemweleza. Tabu alihamia jikoni. Alifua mashuka, alichemsha maji, alipika ambavyo havikuliwa. Hakuondoka.

Siku ya tatu Farida alikuja jikoni akasema, "Mama Twaha, anakuita."

Naima alikuwa amelazwa chali. Alimwashiria akae.

"Alikuwa anakuja kweli," alisema. Kila maneno machache alipumzika. "Alikuwa anagonga dirisha hili, mie namfungulia. Na nilikuwa najua ni zamu ya nani. Ningeweza kumwambia rudi kwa mwenyewe. Sikumwambia hata mara moja. Nilikuwa namwekea chai tangu usiku. Tulipokaa eda, ulipokuwa unanipa lile godoro zuri, nilitaka kukwambia. Nikaona haya."

Tabu alikuwa analia bila sauti. "Basi tusameheane, mwenzangu. Mie nimekosa, na wewe umesema la kwako. Tusameheane yaishe."

"Mie sijui kama nimekusamehe, Da Tabu." Naima alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayepapasa mwilini kutafuta panapouma. "Uchungu bado ninao. Yale maua nilikuwa nayahesabia siku kule hospitali. Siwezi kukudanganya sasa hivi." Akafumba macho. Tabu akadhani amelala, akataka kuinuka, mkono mkavu ukamshika kanga. "Lakini nikifa, sitaki wanioshe watu nisiowajua. Wala Farida, bado mdogo, ataogopa. Unioshe wewe."

"Nitakuosha."

"Na maji yasiwe ya baridi sana."

"Sawa."

Alikufa siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, mvua inanyesha. Tabu aliwatoa watu chumbani, akabaki na mwoshaji wa msikitini aliyekuja kumwelekeza. Alichanganya maji mwenyewe, akayapima kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto mchanga. Alimwosha kichwa, bega la kulia, bega la kushoto, alama za mionzi tumboni ambapo ngozi ilikuwa imeungua kuwa nyeusi. Mwoshaji alikuwa mzoefu, ameosha wengi, lakini aliona jinsi yule mama anavyopangusa katikati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ni mdogo wako?"

"Ni mke mwenzangu," Tabu alisema.

Mwoshaji alimsogezea ndoo.

Alizikwa alasiri makaburi ya Pugu. Baada ya siku saba Faraji alifunga nyumba, akamshukuru Tabu mbele ya watu, akampa kanga mbili za marehemu. Tabu akarudi Mtoni, ambako mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, na haukujua umpe pole au hongera. Wengine walipita mbali. Jirani yake Zubeda, aliyezeeka naye, ndiye aliyekuja kibarazani na kicheko, akajitupa kwenye mkeka.

"Haya, mwenzangu. Umebaki peke yako sasa. Uwanja wako!"

Tabu alimwangalia. Miaka kumi na miwili nyuma angecheka naye mpaka kanga imdondoke.

"Zubeda," alisema, "mie nimefiwa."

Zubeda akajifunika kanga kichwani vizuri, kama inavyotakiwa mtu akiingia msibani, akampa mkono. "Pole, shoga yangu."

"Nimeshapoa."

Mvua za masika zilipoanza, Flaviana alipiga simu. Wapangaji walikuwa wameingia ile nyumba, familia ya vijana kutoka Wazo. Mabua mapya yalikuwa yamechipua, si mengi, na asubuhi hiyo yalikuwa yamefunguka maua manne: meupe, yana doa la njano, na katikati zambarau. Watoto wa wapangaji walikuwa wanayazunguka. Aje ayaone, bado mapema, akipanda gari sasa hivi atayawahi.

Tabu alishukuru, akasema atakuja. Alivaa baibui, akachukua mkoba wake, akafika hadi mlangoni. Hapo akasimama. Aliwaza atakavyokaa pale nyuma ya nyumba ya watu, kwenye kigoda, akiyatazama maua ambayo hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa wakiyahesabu aliyebaki kuyaona. Alivua baibui, akalitundika.

Alikwenda wiki iliyofuata, maua yakiwa yameshakwisha. Hakupita kwenye ile nyumba. Alishukia makaburini, akang'oa magugu juu ya kaburi la Naima kwa mikono, akamwombea, akakaa chini kwenye udongo wenye unyevu mpaka adhana ya adhuhuri.